Panchi ya mkono: kutoboa bati na ngozi, kisha kuviunganisha kwa ribiti

Kipande cha ngozi kinachoning'inia chini ya madigadi ya mbele ya baiskeli, cha kuzuia tope lisirukie miguu na cheni, ni kazi ya saa moja kwa mtu asiye na haraka. Tumeichagua kwa sababu inakulazimisha utoboe bati, utoboe ngozi, halafu uviunganishe, na karibu makosa yote ya panchi ya mkono hujitokeza humo humo. Tanga baiskeli zimejaa, basi vya kufanyia mazoezi havikosekani. Ukiiweza hii, mkanda wa suruali au gidamu la makubazi ni mteremko.

Kwanza tuelewane jambo moja. Bati na ngozi havitobolewi kwa namna moja, ingawa vifaa vyote viwili tunaviita panchi. Ngozi hukatwa kwa makali: mrija wenye ncha ya kisu unashuka mpaka ukutane na kitu laini kilicho chini yake. Bati hukatwa kama mkasi unavyokata: dume la chuma kigumu linalisukuma bati ndani ya tundu la jike, nalo jike liko chini likingoja. Ukiliweka bati kwenye koleo la ngozi, makali ya mrija yanakunjika mara hiyo hiyo ya kwanza. Ukiiweka ngozi kwenye panchi ya bati, nyuzi zake zinavutwa ndani ya jike badala ya kukatika, na tundu linabaki na manyoya. Kwa hiyo vifaa ni viwili, wala usikubali muuzaji akuambie kimoja kinatosha.

Vya kuwa navyo

Panchi ya bati yenye mikono mirefu ya kubana, inayouzwa kisandukuni pamoja na jozi saba za dume na jike. Jozi hizo hupimwa kwa inchi. Kwa milimita ni takriban 2.4, 3.2, 4, 4.8, 5.6, 6.4 na 7.1. Uwezo wake wa kawaida ni chuma laini cha geji 16, yaani milimita 1.5 hivi, kwa tundu la 6.4. Kama iliyo mkononi mwako imeandikwa uwezo mdogo zaidi, fuata maandishi.

Koleo la ngozi lenye gurudumu la mirija sita, aghalabu kuanzia milimita 2 hadi 4.5. Kabla ya kulilipia, libane bila kitu ndani ulielekeze kwenye mwanga: mdomo wa mrija ukae sawasawa juu ya kitako chake, pasiwe na mwanga upande mmoja. Ukiuona mwanga, lirudishe. Mrija uliopinda haunyooki.

Vingine: senta panchi (kijiti cha chuma chenye ncha kali cha kugongea kijishimo cha alama) na nyundo ndogo, tupa nyembamba ya mviringo, kalamu ya wino usiofutika, rula ya chuma, mafuta ya cherehani, kipande cha mshumaa, bunduki ya ribiti, ribiti (pini za kuunganishia ambazo mkia hupanuka zikivutwa) tatu za alumini za 4 kwa 8, yaani kipenyo cha milimita 4 na urefu wa milimita 8, na washa tatu za alumini. Ngozi iwe na unene wa milimita 3, urefu wa sentimita 18, upana wa sentimita 5 juu na 9 chini. Miwani ya kukinga macho pia, maana dume likikatika, kipande chake hakichagui pa kwenda.

Kupima kabla ya kubana

Pima unene wa bati kwa vania, kile kipimo chenye taya mbili za kubana. Madigadi nyingi za chuma hazifiki hata milimita moja, kwa hiyo panchi haitalalamika. Lakini ifahamu hesabu yake, kwani ndiyo itakayokuambia lini uache. Nguvu inayotakiwa ni mzingo wa tundu, mara unene wa bati, mara ukinzani wa chuma. Tundu la milimita 4 kwenye bati la chuma laini la 0.7 linataka mkandamizo wa kilo 300 hivi kwenye ncha ya dume. Tundu la 6.4 kwenye bati la 1.5 linapita tani moja. Mikono ya panchi ndiyo inayoigeuza nguvu ya kiganja chako kuwa hiyo. Ukijikuta unatafuta bomba la kurefushia mikono, umeshavuka mpaka, chukua drili.

Kanuni nyingine ya mafundi: tundu lisiwe dogo kuliko unene wa bati. Dume jembamba kwenye bati nene hupinda kabla bati halijakatika.

Kuna vyuma ambavyo hutakiwi kuvigusa kabisa: bapa la springi, wembe wa msumeno, chuma cha kumimina. Jaribu kwa tupa pembeni. Tupa ikiteleza bila kung'ata, chuma hicho kitalivunja dume lako. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu kuliko chuma laini. Usizidishe nusu ya unene ulioandikwa kwenye panchi.

Bati

Bati hutangulia, ngozi hufuata. Sababu ni kwamba ngozi inavutika na bati halivutiki. Ukianza na ngozi, ukaja kuyatafuta matundu yake kwenye bati, utakuta moja limehama milimita mbili.

Weka alama tatu za pembetatu mwishoni mwa madigadi: mbili chini, zikiachana milimita 25, na moja juu katikati. Ribiti mbili peke yake huiacha ngozi ikunjuke juu upepo ukiipiga. Ya tatu huituliza. Kila alama iwe walau milimita 12 kutoka ukingoni. Kwa bati peke yake, umbali wa mara mbili ya kipenyo cha tundu ungetosha, yaani milimita 8, lakini ngozi inataka nafasi zaidi isichanike. Kwenye alumini tumia wino, usitumie penseli: risasi ya penseli ni grafaiti, na ikipata unyevu wa chumvi inakula alumini pale pale ilipochora.

Gonga senta panchi mara moja kwenye kila alama. Kijishimo hicho ndicho kitakachokipokea kinundu kilicho kwenye ncha ya dume. Bila hicho dume linateleza, hasa kwenye bati lililopakwa rangi.

Sasa funga jozi ya milimita 4. Dume na jike viwe vya namba moja. Kosa la kuvunja vifaa kuliko yote ni kubadilisha dume ukasahau jike. Dume la 4 likishuka kwenye jike la 3.2 linamenyeka ncha, na la 3.2 kwenye jike la 4 linalivuta bati chini likaacha tundu lenye kingo ndefu kama kikombe. Funga jike kwa kulizungusha, kisha bana polepole bila bati uone dume linaingia katikati bila kugusa kuta. Libakize likiingia ndani ya jike kwa nusu milimita hadi milimita moja. Likiingia chini ya hapo bati halikatiki upande mmoja. Likizidi, unapoteza nguvu na dume linaganda.

Tone moja la mafuta kwenye dume. Ingiza bati, dume likiingilia upande ule ambao ngozi itakaa. Hili watu hulisahau. Kingo kali za tundu hubaki upande wa jike, na ngozi ikizilalia zitaisaga taratibu mpaka ribiti ichomoke. Kazi hii ngozi inakaa nje ya madigadi, kwa hiyo dume liingie kutoka nje, na kingo zibaki ndani, upande wa tairi.

Tafuta kijishimo kwa kinundu, tulia, bana kwa mwendo mmoja. Utasikia mlio mfupi bati linapokatika. Ukifungua, bati litataka kubaki limeng'ang'ania dume. Lisukume moja kwa moja chini, au uache kiachilio cha panchi, kile kipande cha kulibandua bati kwenye dume, kifanye kazi yake. Usilizungushe wala kulipinda ili litoke. Madume mengi hufia hapo, wala si kwenye kutoboa.

Madigadi imepinda na jike ni bapa, hivyo bati litanyooka kidogo kuzunguka tundu. Kijisehemu bapa cha sentimita moja si kasoro, kitafunikwa na ngozi. Usitoboe juu ya ukingo uliokunjwa.

Tundu likishatoka, upande wa ndani upitishie biti nene ya drili uliyoishika kwa vidole, mizunguko miwili tu, kuondoa ukali. Kisha jaribu ribiti. Hapa wengi hushangaa: jozi ya "4" ni ya inchi 5/32, yaani milimita 3.97, na ribiti ya 4 inataka tundu la 4.1. Haiingii. Usikimbilie jozi ya 4.8, ribiti itacheza na kulegea baada ya wiki. Zungusha tupa ya mviringo mara mbili tatu, itaingia kwa kubanwa kidogo.

Mahali palipobaki chuma kitupu, paka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kabla ya kuendelea. Upepo wa bahari unaovuka Raskazone, rasi ya hapa Tanga, unabeba chumvi, na tundu lisilopakwa rangi huanza kutoa kutu ya rangi ya chungwa kabla masika hayajaisha.

Ngozi

Itazame ngozi ilipokatwa. Ukingo wa kahawia unaonyesha imelainishwa kwa magome. Ukingo wa kijivu chenye ubuluu ni ya kromu. Ya kromu inavumilia maji vizuri zaidi lakini ni laini mno, itapeperuka kama kitambaa. Sisi tungechukua ya magome ya milimita 3, halafu tukaikinga kwa nta.

Laza ngozi nje ya madigadi, uso wake laini ukitazama nje, ibane kwa vibanio viwili. Kutoka ndani, pitisha ncha ya kalamu kwenye tundu la juu la katikati tu. Ondoa, na uhamishie alama hiyo upande wa uso laini kwa kuchoma na msumari mwembamba. Toboa hilo moja, rudisha, pitisha ribiti bila kuivuta, ndipo uweke alama za mengine mawili. Ukiweka alama zote tatu kwa pamoja, bila ribiti ya kushikilia, ngozi itateleza kwenye mpindo.

Zungusha gurudumu hadi mrija wa 4 na usikilize kituo chake kikikaa. Sugua mdomo wa mrija kwenye mshumaa. Nta huusaidia uingie na kutoka. Toboa kutoka uso laini kwenda nyuma, ili tundu safi lionekane nje. Bana, na ukiwa umebana, tikisa koleo kidogo kushoto na kulia. Nyuzi za mwisho hukatwa na huo mtikiso kuliko nguvu ya ziada.

Tundu likitoka na kipande kikiwa kimening'inia kwa nyuzi chache, usikivute kwa vidole. Sababu huwa moja kati ya tatu. Kitako kimechimbika kwa matumizi: weka kipande cha ngozi chakavu chini na utoboe vyote pamoja. Mrija umejaa: chomoa vipande kwa msumari, maana vikishindiliwa huupasua. Au makali yamekufa: sugua mteremko wa nje wa mrija kwa msasa wa 600 huku ukiuzungusha. Ndani usiguse, ukipanua ndani, vipande vitakwama kila mara.

Usitoboe ngozi iliyoloa. Inavutika chini ya mrija, ikikauka tundu linakuwa la mviringo mrefu na dogo kuliko ulivyotaka. Na tundu likiwa mbali na ukingo kuliko mdomo wa koleo unavyofika, tumia panchi ya kugonga kwa nyundo ya mbao, chini ukiweka uso wa gogo lililokatwa kwa kukingama nyuzi. Sakafu ya saruji inaua makali kwa pigo moja.

Kuunganisha

Kwanza uchague chuma. Ngozi ya magome ina tanini, na tanini ikikutana na chuma penye maji hutoa doa jeusi lisilofutika. Washa ya chuma cha kawaida itaacha duara jeusi mvua ya kwanza tu. Washa ya shaba nyeupe au nyekundu haiachi weusi huo, lakini ukiiweka pamoja na ribiti ya alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana tumesema alumini kwa alumini. Ukitaka shaba, ribiti na washa zote ziwe za shaba, na ukubali rangi ya kijani itakayojitokeza pembeni.

Kichwa cha ribiti na washa vikae upande wa ngozi. Mkia upanukie upande wa bati. Wengi hugeuza, na mkia unaopanukia kwenye ngozi huipasua na kupenya. Unene wote ni 3 ya ngozi, 0.7 ya bati na 1 ya washa, jumla 4.7, ribiti ya 4 kwa 8 inashika kati ya 3 na 5. Ngozi yako ikiwa ya 4, nunua ya urefu wa 10.

Anza na ya juu. Sukuma bunduki ikandamize ngozi kabla ya kuvuta, la sivyo ribiti inajifunga kukiwa na uwazi. Vuta mpaka pini ikatike. Kisha mbili za chini.

Kipande cha pini kinachobaki ndani ya ribiti ni cha chuma hata kama ribiti ni ya alumini, na ndicho kitakachoanza kutu. Tone la rangi juu yake linatosha. Paka nta kwenye kingo za ngozi na nyuma yake, sugua kwa kitambaa mpaka ipenye. Inua gurudumu, lizungushe, na utazame nafasi kati ya mikia ya ribiti na tairi: ikiwa chini ya milimita 5, sogeza nondo za madigadi nje kabla ya kuipanda baiskeli.