Jinsi ya Kuikabili Hofu ya Moyo Ukiwa Kweli Unaumwa Moyo

Mtu mwenye moyo mzima anayeogopa kwamba moyo wake ni mgonjwa hutulizwa kwa vipimo: anapimwa, anaambiwa hana kitu, na akiamini anarudi nyumbani. Wewe uliyekwisha kuambiwa kwamba valvu, yaani kilango cha moyo, imeharibika, au kwamba moyo umetanuka kwa sababu ya presha ya miaka mingi, huna njia hiyo, kwa kuwa hakuna kipimo kitakachokuambia huumwi. Kwa hiyo mwongozo huu hauahidi kuiondoa hofu. Unaeleza namna ya kuamua mapema, ukiwa umetulia, ni dalili zipi za kukutoa nyumbani na zipi za kuachwa zipite, ili uamuzi huo usije ukafanyika saa nane za usiku huku umebonyeza kidole shingoni.

Kazi huanzia kliniki. Wagonjwa wengi wa moyo wa Kanda ya Ziwa hupelekwa Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza, na mtu akishasubiri foleni ndefu, maswali aliyokuja nayo kutoka Magu au Sengerema hupotea kichwani mara tu anapoketi mbele ya daktari. Yaandike. Uliza ugonjwa wako unaitwaje hasa na umefikia kiwango gani, mapigo yako yanatakiwa kuwa mangapi ukiwa umepumzika, dalili zipi zikulete siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki, na zipi utaendelea kuzihisi bila kuwa za hatari. Swali hili la mwisho huulizwa na wachache, nalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotuliza kuliko mengine yote, kwa sababu linakupa ruhusa ya daktari ya kutohangaika.

Majibu yapange katika karatasi yenye makundi matatu, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Kundi la kwanza ni la kuondoka mara moja: mbano au maumivu ya kifua yasiyoisha baada ya dakika chache za kupumzika, hasa yakienda mkononi, shingoni au tayani, kuzirai, kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, kukohoa povu lenye rangi ya waridi, moyo kwenda mbio pamoja na kizunguzungu kizito, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ghafla. Hapa hakuna kujadiliana kama ni hofu au ni moyo, wala kujaribu kwanza mazoezi ya kupumua, kwa kuwa hata daktari huhitaji vipimo ili kutofautisha mambo hayo mawili. Kufika hospitali ukaambiwa ilikuwa hofu si aibu. Kundi la pili ni la kupiga simu kliniki au kufika kituo cha afya ndani ya siku moja: uzito ulioongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu kuvimba kuliko kawaida yako, au kuhitaji mito miwili wakati ulikuwa ukilalia mmoja. Kundi la tatu ni la mambo ambayo daktari wako amekwisha kuyasikia, akayachunguza na kusema hayana hatari, kama vile pigo moja linaloruka au mchomo wa sekunde mbili unapojinyoosha. Dalili mpya isiyoandikwa popote haiingizwi katika kundi la tatu kwa kubahatisha, inaulizwa kwanza.

Chini ya karatasi hiyo andika usafiri. Sehemu kubwa ya hofu ya usiku ni hofu ya kukosa namna ya kufika hospitali, na hiyo inatibika mchana: kubaliana na jirani mwenye gari au bajaji, uandike namba yake, kwani bodaboda si chombo cha mtu anayeweza kuzirai njiani. Anayeishi upande wa Sengerema amepunguziwa mzigo tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, maana hangoji tena kivuko. Aliyeko Ukerewe aandike hospitali ya Nansio kama kimbilio lake la kwanza, asipange kuvuka ziwa usiku.

Sasa tuitazame hofu yenyewe, kwa sababu ina tabia ya kuuiga ugonjwa. Ukishtuka, mwili humwaga adrenalini na moyo huongeza kasi. Unapumua harakaharaka, kabonidioksaidi inapungua katika damu, vidole vinapata ganzi, midomo inachomachoma na kichwa kinakuwa chepesi, huku misuli ya kifua ikikaza. Mgonjwa anayejua kwamba valvu yake si nzima huzisoma dalili hizo zote kama mwanzo wa mwisho. Anaweka kidole shingoni, anahesabu mapigo 104, anashtuka zaidi, na anaporudia kuhesabu anakuta 112. Moyo umeitikia woga wake, naye anadhani amegundua jambo.

Wakati huo soma karatasi. Kama hakuna dalili ya kundi la kwanza, kaa wima, miguu ikiwa sakafuni; usilale chali, kwani kulala chali huongeza shida ya pumzi kwa baadhi ya wagonjwa. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu polepole hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, bila kuibana katikati, kwa muda wa dakika 5. Hofu kali kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka. Mikono ipe kazi: chambua dagaa, kunja nguo, osha vyombo. Dalili zikizidi badala ya kupungua, ondoka uende hospitali.

Kujipima kuwe na ratiba. Kama daktari hakukuagiza vinginevyo, pima presha mara moja asubuhi, kabla ya chai, ukiwa umekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea na mkono uko mezani usawa wa moyo. Pima na uzito, andika katika daftari, kisha mashine irudi kabatini. Hamu ya kupima tena itakuja. Iahirishe kwa dakika 10, kesho kwa 20, nawe utaona kwamba mara nyingi inaondoka yenyewe. Fanya vivyo hivyo na hamu ya kutafuta dalili mtandaoni, pamoja na ile ya kusikiliza sauti zinazosambazwa kwenye simu kuhusu kitunguu saumu kinachozibua mishipa.

Jambo ambalo hofu hulifanya kimyakimya ni kumfungia mtu ndani. Mwanza ni mji wa milima ya mawe, na mgonjwa anayeishi juu Igogo au Mabatini huacha kushuka sokoni kwa kuhofia kupanda, kisha misuli yake inalegea, kisha hatua kumi tu zinamtoa jasho, naye anahesabu kwamba moyo umezidi kuharibika. Mwulize daktari kiasi cha mwendo unachoruhusiwa, halafu itumie njia yako kama kipimo. Kama wiki iliyopita ulipumzika mara moja, pale kwenye jiwe kubwa, na leo umepumzika mara tatu, hilo ni badiliko la kweli na linaingia kundi la pili. Kama ni mara ileile moja, endelea na safari.

Chumvi nayo ihesabiwe: ukila kayabo, samaki wa chumvi, jioni ukaamka umevimba, liandike hilo daftarini. Dawa usiziache wala usiziongeze kwa sababu ya woga. Atenololi na bisoprololi, dawa za kupunguza kasi ya mapigo, zikikatwa ghafla zinaweza kuleta madhara, na dawa ya mitishamba isichanganywe na wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, bila daktari kujua. Mwenye ugonjwa wa valvu uliotokana na homa ya rumatiki, aliyeandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, asikose tarehe yake.

Watu wa nyumbani waonyeshwe karatasi. “Baba, kifua kinaendeleaje?” likiulizwa kila baada ya nusu saa humrudisha mgonjwa kifuani mwake, hata kama limeulizwa kwa upendo, kumwambia “acha woga” nako hakumsaidii. Wakubaliane kuuliza mara moja kwa siku, na wakati wa hofu wamwulize tu, “Iko kundi la ngapi?”

Hofu ikikunyima usingizi au kukutoa kazini kwa wiki mbili na zaidi, mwambie daktari wa moyo waziwazi akupeleke kwa wataalamu wa afya ya akili, ambao wapo Bugando pia. Tiba ya mazungumzo husaidia, na kwenda huko hakumaanishi umerukwa na akili. Chukua kadi yako ya moyo na dawa zote unazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za wasiwasi na sonona hugusa mwendo wa mapigo, na anayekuandikia anatakiwa kulijua hilo kabla hajachagua.