Kabla ya Kuzalisha Namba Nasibu Zenye Sharti Kwenye R

Kabla ya kuandika msimbo wa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, anza na hesabu ya karatasini: je, sharti lenyewe linatimizika? Namba 5, kila moja kati ya 10 na 30, haziwezi kufika jumla ya 160, kwa kuwa 5 mara 30 ni 150 tu. Kitanzi cha msimbo (amri inayorudiwa hadi sharti litimie) hakilijui hilo. Kitazunguka bila kikomo.

Pili, amua unataka mgawanyo gani (yaani kila thamani itokee mara nyingi kiasi gani), maana sharti peke yake haliusemi. Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme unahitaji namba 3 chanya zenye jumla ya 1. Njia inayomjia mtu haraka ni kuchota 3 kwa runif (namba kati ya 0 na 1, zote zikiwa na nafasi sawa), kisha kugawa kila moja kwa jumla yao. Jumla inatimia, lakini namba zinasongamana karibu na theluthi. Ukitaka kila mchanganyiko uwe na nafasi sawa, chota kwa rexp (namba chanya, nyingi ndogo na chache kubwa), halafu gawa vivyo hivyo. Jipime: hesabu ni mara ngapi namba kubwa kuliko zote inapita 0.5. Kwa rexp ni takriban 75% ya majaribio, kwa runif ni 50%. Si tofauti ya kufumbia macho.

Kama kila namba ina kima cha chini, toa vima hivyo kwenye jumla, gawanya kinachobaki, kisha virudishe. Kuzifanya namba ziwe nzima kwa round mwishoni huvunja jumla: 33.3 mara tatu inakuwa 99, si 100.

Kuchota na kutupa zisizofaa ni mbinu halali, ila pima gharama kwanza. Namba 5 za runif huwa na jumla chini ya 1 mara moja katika 120. Namba 10, mara moja katika 3,628,800.

Kwa mgawanyo wa kawaida (wenye umbo la kengele) uliowekewa mipaka, usizibane namba kwa pmin na pmax, zinazogeuza kila iliyovuka mpaka kuwa mpaka wenyewe, kwani zilizovuka zitarundikana mpakani. Chota kwa runif kati ya pnorm za mipaka miwili (pnorm hutoa uwezekano wa kupata namba isiyozidi thamani fulani), kisha pitisha kwenye qnorm, inayogeuza uwezekano kuwa namba. Mkiani kabisa, hata hivyo, pnorm(9) inarudisha 1 kamili na unaishia kupata Inf (namba isiyo na mwisho). Hapo weka lower.tail = FALSE (hesabu ianzie upande wa juu) kwenye pnorm na qnorm zote.

Unapoandika mbegu ya set.seed (namba inayowezesha kupata matokeo yaleyale tena), andika na toleo la R. Tangu 3.6.0 ya mwaka 2019, sample (amri ya kuchota kutoka kwenye orodha) huchota kwa njia nyingine, hivyo mbegu ileile yaweza kutoa namba tofauti na za zamani. Na jumla ya desimali ihakikiwe kwa all.equal, inayovumilia tofauti ndogo sana, si kwa ==, inayodai usawa kamili.