Kamera ya Usalama Nyumbani na Mipaka ya Sheria Nchini Kenya
Kabla fundi hajatoboa ukuta, simama pale kamera itakapofungwa na utazame itaona nini. Ikiishia kwenye lango na ua wako, huna shida kubwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasamehe matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani tu. Lakini ikivuka ua hadi kwenye kamba ya nguo ya jirani au dirisha la chumba chake cha kulala, utetezi huo unadhoofika, naye anaweza kutegemea Kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha ya kila mtu. Mwambie fundi aiinamishe kamera, au azibe sehemu hiyo ya picha kwa kisanduku cheusi katika mipangilio ya mashine ya kurekodia. Ni kazi ya dakika chache, ingawa mafundi wengi hawaisemi mpaka waulizwe.

Mwenye duka au nyumba za kupangisha ana wajibu mzito zaidi. Abandike tangazo ambalo mtu ataliona kabla ya kuingia, likieleza ni nani anayerekodi, kwa sababu gani, na namba ya kumpata. Chooni asiweke kamera kabisa. Mpangaji aliyerekodiwa ana haki ya kuomba kuona picha zake, na akinyimwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi ndani ya siku 90. Video ya anayeshukiwa kuiba ipelekwe polisi, wala si kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.