Kamba na ukambaa: namna ya kuvitambua, kuvitengeneza na kuwambia kitanda

Kamba husokotwa. Ukambaa husukwa. Tofauti yote imo ndani ya vitenzi hivyo viwili, na mtu akishaishika hatababaika tena mbele ya muuzaji wala mbele ya fundi wa vitanda. Majina yanafanana mno, na siku hizi wengi wanasema "kamba" kwa kila kitu kirefu kinachofungia. Lakini kinachofaa kumfunga mbuzi sicho kinachofaa kulaliwa na mgongo wa mtu usiku kucha.

Kutambua kwa mkono

Shika ncha, uizungushe kinyume na inavyoelekea. Ikiwa ni kamba itafumuka yenyewe, utapata nyuzi mbili au tatu, na kila uzi nao utauona umesokotwa. Ukambaa haufumuki kwa kuzungushwa. Ni lazima uufumue kama unavyofumua nywele, jani moja baada ya jingine. Sasa pitisha kidole juu yake. Kamba ni ya mviringo, na mikunjo yake inapanda kwa mshazari upande mmoja tu. Ukambaa ni bapa, na majani yake yanakutana katikati kama miba ya samaki.

Kuna kitu cha tatu kinachowachanganya watu, nacho ni ukili. Huo pia husukwa kwa majani, ila ni mpana na mwembamba, na kazi yake ni kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka au kikapu. Ukiukaza kama ukambaa utachanika.

Na nailoni za dukani ambazo zimesukwa kwa mashine? Hizo ni kamba. Jina la ukambaa limebaki kwa kitu cha majani, hasa miyaa (majani ya mwaa, mti wa jamii ya mnazi), na halihamii kwenye plastiki kwa sababu tu imesukwa.

Kutamka sawasawa

Ukambaa huu umekatika. Kambaa hizi zimekatika. Kamba hii imekatika. Kamba hizi zimekatika. Angalia wingi: "kambaa" na "kamba" vinatengwa na irabu moja tu iliyovutwa mwishoni, na kwenye simu irabu hiyo hupotea kabisa. Ukiagiza kwa mbali, usiseme "niletee kambaa kumi". Sema "kambaa za miyaa, za kitanda", uondoe shaka. Kamba wa baharini naye yumo, lakini sarufi inamtenga: kamba *wanauzwa* ni wa kupika, kamba *zinauzwa* ni za kufungia. Na kijana wa Dar es Salaam akikwambia "acha kamba", anakutaka uache uongo.

Kusokota kamba ya usumba

Kamba ya asili ya pwani hutoka kwenye makumbi ya nazi. Makumbi mabichi hufukiwa kwenye mchanga au tope mahali ambapo maji hupwa na kujaa, yakagandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na bahari. Ukienda Paje au Jambiani, Unguja, maji yakiwa yamepwa, utaviona viduta vyake ufukweni, na kazi hiyo hasa ni ya wanawake. Huachwa miezi mitatu hadi sita, na pengine zaidi. Ndani ya muda huo vijidudu visivyoonekana hula ule utomvu unaozishikilia nyuzi pamoja. Harufu ya yai viza wakati wa kufukua ni dalili kwamba kazi imefanyika. Ukifukua mapema, kumbi hutoka na nyama ya kahawia iliyong'ang'ania nyuzi, na hata ulipige vipi, kamba yake itakuwa na vinundu na itakatikia hapohapo kwenye vinundu.

Baada ya kufukua, piga makumbi kwa kigogo cha mti juu ya jiwe au gogo, suuza, anika. Kinachobaki ndicho usumba, nyuzi safi za rangi ya dhahabu iliyofifia.

Kwa kamba ya nyuzi mbili, chukua mafungu mawili ya usumba, kila moja unene wa penseli, uyafunge pamoja kwenye ncha na kuishika ncha kwa mkono wa kushoto. Fungu lililo mbali nawe lisokote kuelekea mbali nawe, mara nne au tano, mpaka uhisi linataka kujikunja lenyewe. Kisha livushe juu ya mwenzake kuja upande wako. Sasa lile jingine ndilo lililo mbali. Lisokote, livushe. Endelea hivyohivyo.

Usibadili mwelekeo. Kila uzi unasokotwa upande mmoja, na nyuzi mbili zinazungukana upande wa pili. Kila uzi unataka kufumuka, lakini kufumuka kwake ndiko kunakomkaza mwenzake. Ukisokota na kuzungusha upande uleule, kamba itapendeza mkononi, na ukiiachia ncha itafumuka yote mbele ya macho yako. Hili ndilo kosa la kwanza la kila anayejifunza.

Kosa la pili ni kuunga. Usumba ni mfupi, kwa hiyo unaongeza nyuzi mpya kila mara. Ongeza uzi mmoja ukiwa bado mnene kiasi cha nusu, na usiunge nyuzi zote mbili mahali pamoja. Ziachane angalau shubiri moja. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa kamba ya mkono huwa ni maungo mawili yaliyokutana.

Kusokota kunafupisha. Ukitaka kamba ya mita 10, andaa nyuzi zitakazofika mita 13 au 14.

Usumba hauna nguvu ya katani, lakini hurefuka sana kabla ya kukatika, huelea, na maji ya chumvi hayauozeshi upesi. Ndiyo maana mitepe ya Lamu, vyombo visivyo na msumari hata mmoja, ilishonwa kwa kamba za nazi. Katani ina nguvu zaidi kwa mzigo wa nchi kavu, ila ukiiacha majini itaoza mapema.

Kusuka ukambaa

Hapa malighafi ni miyaa, majani ya mwaa. Ukindu, majani ya mkindu, pia husukika, lakini ni mwembamba na ni bora uwekewe mikeka. Chukua majani machanga ambayo hayajafunguka, yachane, uyaanike juani siku tatu au nne mpaka yageuke meupe, kisha toa ukingo na uti wa kati. Chana vipande vya upana wa sentimita 1 hivi, vyote sawa. Kipande kipana kikikaa na chembamba, chembamba ndicho kitakachobeba mzigo wote na kukatika.

Kabla ya kusuka, vifunge vipande kwenye kitambaa kibichi kwa saa moja. Usiviloweke ndani ya maji. Jani lililoshiba maji hunenepa, na likikauka hunywea, na ukambaa uliokuwa umekaza unabaki na matundu.

Suka kwa mafungu matatu, kila fungu vipande viwili au vitatu vilivyolazwa pamoja, kama unavyosuka nywele: la kulia juu ya la kati, la kushoto juu ya la kati. Vuta kwa nguvu ileile kila mara. Mkono mmoja ukivuta zaidi, ukambaa utapinda kama mundu. Kuunga, laza kipande kipya chini ya cha zamani kwa urefu wa sentimita 10, na kila fungu liungwe mahali pake.

Ukambaa mkavu usiufunge fundo kali, jani litapasuka kwenye kona. Lowesha ncha kiasi cha shubiri moja kwanza, ndipo ufunge.

Kuwamba

Kitanda kina matendegu manne, yaani miguu yake, mifumbati miwili, miti mirefu ya ubavuni, na vitakizo viwili, miti mifupi ya mchagoni (upande wa kichwa) na miguuni. Kabla ya kuwamba pima pembe kwa pembe. Vipimo viwili vikitofautiana, kitanda kimepinda na kuwamba kutakipinda zaidi.

Hesabu yake ni hii. Kitanda cha sentimita 120 kwa 180, mistari ikiachana sentimita 3, kinataka mistari 60 ya kukata upana, kila mmoja mita 1.2 na nyongeza ya mita 0.2 ya kuzungukia mti: mita 84. Mistari 40 ya urefu, kila mmoja mita 2: mita 80. Jumla 164. Ongeza sehemu ya kumi, upate mita 180, yaani kama pima 100. Ukinunua pima 80 kwa kubana matumizi, utaishia kuunga katikati ya kitanda, mahali ambapo nyonga hukaa.

Anza mchagoni. Funga ncha kwenye mfumbati, wamba mistari ya upana yote, kisha pitisha ya urefu juu ya miwili, chini ya miwili, ukisogea mstari mmoja kila unaporudi. Utaona mshazari unajitokeza.

Ukitumia ukambaa, uwe na unyevu kidogo tu, na usikabidhi kitanda siku hiyohiyo. Kikae siku mbili au tatu, kisha rudi mchagoni, vuta ulegevu mstari kwa mstari hadi miguuni, ndipo ufunge fundo la mwisho. Ukitumia kamba ya usumba, kinyume chake: wamba ikiwa kavu kabisa. Kamba iliyosokotwa ikilowa hufupika, na ikikauka hurefuka, kwa hiyo kitanda kilichowambwa kwa kamba mbichi hubonyea kabla ya wiki kuisha. Kabla ya hapo itundike kamba usiku mmoja kati ya miti miwili na jiwe zito katikati, imalize kurefuka kwake huko.

Kwa kulala, ukambaa ni bora: ubapa wake unatandaza uzito, ilhali kamba ya mviringo huacha alama mwilini hata chini ya godoro jembamba. Kwa kisima, dema (mtego wa samaki), nanga na mbuzi, shika kamba. Ukambaa una sifa moja nzuri kisimani, kwamba ndoo haizunguki unapoivuta, lakini miyaa ikilowa kila siku itaoza na siku moja utabaki na ncha mkononi.

Kila mwezi kitoe kitanda juani nusu siku, ukigeuze chini juu. Kunguni hujificha pale mistari inapokutana na mfumbati, hasa kwenye usumba, kwa hiyo hapo ndipo pa kukung'uta kwanza.