Kupaka sahani laminini-521: mwongozo kwa maabara za Bagamoyo na pwani

Laminini-521 ni protini ya matriki ya nje ya seli, yaani wavu unaozizunguka na kuzishikilia seli. Seli shina (zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) hushika vizuri juu yake, ndiyo maana tunaipaka kwenye sahani za kukuzia seli. Inayouzwa kwa utafiti hutengenezwa na seli za binadamu zilizopandikizwa jeni zake, na kwa kawaida huja ikiwa na mikrogramu 100 kwa mililita. Ni ghali, na ikikauka ndiyo basi.

Hatua ya 1: Kuyeyusha
Toa kichupa friza jioni, kiyeyukie jokofuni (nyuzi 2 hadi 8) usiku kucha. Usikipashe kiganjani. Kikifika kutoka Dar es Salaam kimeshayeyuka lakini bado kina ubaridi, kiende jokofuni, usikigandishe tena.

Kwa unyevu wa hewa yetu, kichupa kikitoka tu jokofuni huanza kutoa jasho. Kipanguse kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kufungua, maana tone la shingoni likidondokea ndani limeleta vijidudu. Changanya kwa kukipindua taratibu mara tatu au nne. Vorteksi (mashine ya kutikisa) hapana: povu maana yake protini imeanza kuharibika.

Hatua ya 2: Kuzimua
Kwa sahani ya visima 6, chukua mikrolita 300 za laminini, ongeza mililita 5.7 za bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi) ikiwa baridi. Utapata mikrogramu 5 kwa mililita. Weka mililita 1 kila kisima, ila kimoja kiache bila laminini kwa kulinganisha. Kisima kina kama sentimita za mraba 9.5, kwa hiyo ni takriban nusu mikrogramu kwa kila sentimita ya mraba.

Bafa iwe na kalsiamu na magnesiamu. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa chupa zinafanana na ile isiyo nayo ndiyo iliyozoeleka kuoshea seli. Laminini huhitaji kalsiamu ili molekuli zake zishikane ziwe wavu. Zimua kiasi cha leo tu. Ikiwa nyepesi hivyo, hunata kwenye kuta za mrija.

Hatua ya 3: Kupaka
Funga sahani kwa parafilmu (utando wa nta unaovutika), iache jokofuni usiku kucha mahali tambarare. Una haraka? Saa mbili kwenye inkubeta ya nyuzi 37 zinatosha, ila usiku kucha ni bora.

Hatua ya 4: Kupanda seli
Inamisha sahani, nyonya pembeni bila kukwaruza chini, kisha mimina midia (maji ya lishe) yenye seli papo hapo. Kisima kimoja kimoja! Upepo wa kabati la hewa safi unakausha upesi kuliko unavyodhani.

Seli zikishika nusu tu ya kisima, rafu imeinama: ijaribu kwa pimamaji. Zikiacha mabaka matupu, palikauka. Tazama pia kisima ulichoacha bila laminini; seli zikishika huko pia, tatizo la kuchunguza si upakaji.