SOMO: Blanketi la viraka vya kitenge kwa mama mwenye mtoto mchanga, dakika 15 kwa 15

Habari zenu wapendwa. Nimeulizwa sana kwenye meseji, we unashona saa ngapi na una mtoto wa miezi saba, nikaona niandike mara moja wote msome na mwenye swali aulize hapo chini.

Mi ni fundi wa nyumbani, niko Dar, cherehani yangu ni ya mguu na huyu ni mtoto wangu wa pili. Kwa yule wa kwanza niliacha kushona mwaka mzima kabisa, nilikuwa nasubiri nipate masaa mawili yaliyonyooka nikae nishone kama zamani, na hayakuja. Mtoto mchanga anakupa dakika 15, akikupenda sana 40, afu anaamka anataka nyonyo. Sasa kwa huyu wa pili nikasema kama muda unakuja vipande vipande basi na kazi naikata vipande vipande, na ndo maana nimehamia kwenye viraka. Gauni huwezi kuliacha mkono umeingia nusu ukarudi kesho ukakumbuka ulifikia wapi, ila kiraka ukishona mshono mmoja wa inchi sita umeisha, hata mtoto akilia sekunde hiyo hiyo hujaharibu kitu.

Hatua ya 1: Arobaini ipite kwanza

Hapa sitanii. Zile siku arobaini kunywa uji wako wa pilipili manga, kunywa mtori, lala mtoto akilala. Cherehani ifunike. Mi nilijidai nina nguvu, wiki ya saba nikapokea oda ya madera sita ya kichenpati, nikashindwa, ikabidi nirudishe hela ya watu zikiwa zimebaki siku nne na yule mteja hajarudi tena mpaka leo na ana haki yake. Kwahiyo oda yenye tarehe ya mtu usipokee miezi ya mwanzo. Anza na kitu chako ambacho hakuna anayekidai.

Hatua ya 2: Kona isiyofungwa

Kinachokula muda wa mama kuliko hata kushona ni kutoa na kurudisha. Ukianza kutoa cherehani, kutafuta mkasi, kutunga uzi, mtoto kashaamka. Tafuta kona moja, hata pembeni ya kitanda, cherehani ikae hapo imetungwa uzi, bobini tatu zimejazwa, mkasi umefungwa kamba kwenye msumari juu ambako mtoto hafiki. Bobini zijaze usiku mmoja zote. Sindano namba 14 inatosha kwa kitenge, ukifika kwenye tabaka tatu weka 16.

Pini mi niliziacha. Natumia vibanio vya nguo vya kuanikia au napiga bandi kwa mkono, yaani mishono mikubwa ya muda ya kushikilia tu. Pini moja ikidondoka na mtoto ameanza kutambaa ataiona kabla yako. Kama lazima utumie, zihesabu, ziingie kwenye kopo lenye mfuniko, na uwe na kisumaku cha spika mbovu cha kupitisha sakafuni ukimaliza.

Na wenye cherehani ya mguu kama mimi, mtoto akianza kutambaa tu, kila ukinyanyuka ushushe ule mkanda kwenye gurudumu. Lile gurudumu linazunguka vizuri, mtoto linamvutia, na vidole vinaingia.

Hatua ya 3: Kukata vyote siku moja

Hii ndo kazi pekee inayotaka saa nzima, kwahiyo muombe mtu amshike mtoto, bibi, wifi, baba yake, yeyote. Mabaki ya vitenge omba kwa mafundi, wengi wanayatupa. Au Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo nunua yadi moja moja za rangi unazopenda. Fua kwanza kila kitambaa peke yake mpaka maji yawe meupe, anika, ndo ukate. Usiruke hapa, nitaeleza kwenye maswali maana najua litakuja.

Kitenge kina upana wa kama inchi 45. Kata ukanda wenye upana wa inchi 6, ukiugawa unapata viraka 7 vya inchi 6 kwa 6. Ukiwa na vitenge 8 tofauti, ukanda mmoja mmoja, una viraka 56 tayari. Ukishona kwa kuacha nusu inchi kila upande, kiraka kinabaki inchi 5, kwahiyo 7 kwa upana na 8 kwa urefu unapata blanketi la inchi 35 kwa 40. Kata kadibodi ya inchi 6 uitumie kama kipimo, chora na chaki.

Vipange juu ya kitanda mpaka macho yaridhike, piga picha kwa simu. Afu kusanya kila safu inayoshuka chini, viraka 8, cha juu kikae juu, funga na karatasi yenye namba. Unapata mafungu 7. Tia kwenye mfuko. Hapo umeshamaliza kufikiri, na hiki ndo kitu kikubwa kwenye somo lote, kwa sababu saa nane mchana umelala masaa matatu usiku akili ya kuchagua rangi hauna, ila mkono wa kushona mshono ulionyooka unao.

Hatua ya 4: Kushona mnyororo

Chukua fungu la 1 na la 2. Kiraka cha juu na kiraka cha juu, uso kwa uso, shona. Ukifika mwisho USIKATE uzi, ingiza jozi inayofuata hapo hapo nyuma yake, shona, mpaka jozi zote 8 zimefuatana kama vibendera vya harusini. Mishono 8 mifupi, dakika 10 mpaka 15, basi. Hicho ni kikao kimoja. Kikao kinachofuata unaunga fungu la 3 ubavuni mwa la 2, bado bila kukata zile nyuzi za katikati, maana ndo zinashikilia mistari yako ya kulala, ya viraka 7 kila mmoja, isichanganyike. Vikao 6 viraka vyote 56 vimeshikana.

Ukimaliza kila kikao shona juu ya kitambaa kichakavu na ukiache hapo hapo chini ya mguu wa cherehani. Ukirudi unaendelea kuanzia pale, uzi hauchomoki na hauna haja ya kutunga tena.

Pasi mi siwashi kila saa, inakula umeme na ni hatari na mtoto. Kitenge kinashika mkunjo, pitisha kucha au mgongo wa kijiko kwenye mshono. Mstari wa kwanza laza mishono kushoto, wa pili kulia, wa tatu kushoto, hivo hivo.

Hatua ya 5: Kuunga mistari

Mistari 8, miungo 7. Muungo mmoja kwa usingizi mmoja wa mtoto, usifanye zaidi hata kama amelala, nenda kakae na wewe. Hapa bana kila makutano na kibanio kabla ya kushona.

Hatua ya 6: Tabaka tatu

Chini khanga ya zamani iliyofuliwa ikalainika. Katikati blanketi jembamba lililochakaa au flaneli. Juu viraka vyako. Mtoto akilala usiku piga deki, tandika khanga chini ikiwa imezidi inchi moja na nusu kila upande, nyoosha, weka la katikati lililokatwa sawa na viraka, weka viraka. Anza katikati kwenda pembeni, piga bandi ya mishono mikubwa kila shubiri moja. Mi huwa naipanga khanga ile sehemu yenye jina ibaki inasomeka kwa nyuma, napenda mtoto akikua aione khanga aliyobebewa.

Afu shona kwa mkono kufuata miungo, mstari mmoja kila jioni. Ni mistari 13 tu, 6 ya kusimama na 7 ya kulala. Hii ndo sehemu naipenda, kuna usiku sina nguvu ya kuongea na mtu ila nashona mstari wangu mmoja na moyo unatulia. Sindano usishike na mtoto akiwa mapajani, hata kama ananyonya na amesinzia. Hii naomba mnisikie.

Hatua ya 7: Pindo

Ile khanga iliyozidi ikunje mara mbili ije juu ya viraka, bana, shona kuzunguka. Toa bandi. Fua.

MASWALI

mama_mapacha: Asante dada kwa somo. Mi wangu ni wawili wa miezi minne, mmoja akilala mwenzie anaamka, hizo dakika 15 sizioni kabisa. Nifanyeje?

Jibu: Hongera na pole mpenzi wangu. Kwa mapacha mi ningekwambia usishone mchana kabisa kwa sasa. Chukua hatua ya 3 tu, na uigawe, leo ukanda mmoja, wiki ijayo mwingine, siku ukipata msaidizi. Mafungu yako yakae kwenye mfuko hata miezi mitatu hayaozi. Wakianza kukaa wenyewe ndo uanze mnyororo.

wa Nairobi: Sasa dadangu. Wangu ako na miezi tano na analala tu nikimbeba, nikimweka chini anaamka. Naeza shona nikiwa nimemfunga mgongoni na leso?

Jibu: Kushona hapana dear, ukiinama kwenye mashine kichwa chake kinakuja mbele na we humuoni. Na pasi pia hapana. Akiwa mgongoni fanya zile kazi za kusimama zisizo na makali, kupanga rangi, kukunja, kupitisha kijiko kwenye mishono. Mi nusu ya upangaji wangu nilifanya na mtoto kwenye mbeleko nikizunguka kitanda. Na ukiwa Nairobi pita Gikomba, mashati ya pamba ya mitumba yanakata viraka vizuri sana.

bibi wa Njombe: Nimefurahi mwanangu. Mjukuu wangu ana miezi miwili na huku baridi ya Juni unaijua. Nikimshonea hili nimfunike lote na uso?

Jibu: Shikamoo bibi. Hapana bibi yangu, na nashukuru umeuliza maana nilisahau kuliandika juu. Mtoto chini ya mwaka mmoja akilala asiwekewe blanketi zito wala mto, linaweza kumfunika pua na hana nguvu ya kulitoa. Alazwe chali, kichwa na uso wazi. Kwa baridi mvalishe nguo mbili tatu zinazombana kiasi, na soksi. Hili blanketi akiwa macho mtandikie chini ajifunzie kulalia tumbo na kugeuka na wewe ukiwa pale pale unamwangalia, ile rangi ya kitenge wanaipenda sana. Akivuka mwaka ndo ajifunike.

bibi wa Njombe: Marahaba. Nimekuelewa, sisi tulikuwa tunawafunika gubigubi.

fundi mpya Tanga: Mi niliruka kufua, nimefua blanketi limeisha, nyekundu imeingia kwenye nyeupe yote. Nalia.

Jibu: Pole mno shoga, najua uchungu wake. Usilianike. Likikauka, na ukipiga pasi ndo kabisa, rangi inazidi kushika. Liloweke sasa hivi kwenye beseni kubwa la maji mengi na sabuni, badilisha maji kila yakiwa mekundu, hata mara sita. Jiki usiweke, itakula na vitenge vyako. Mara nyingi inapungua, yote kutoka siwezi kukuahidi.

baba wawili: Samahani, mi mwanaume. Mke wangu alikuwa fundi mzuri, tangu ajifungue cherehani imekuwa meza ya kuwekea nguo. Namsaidiaje bila kumuongezea presha?

Jibu: Shemeji karibu, umeuliza vizuri. Toa zile nguo juu ya cherehani wewe mwenyewe. Nunua kichupa cha mafuta ya cherehani, itie, ifute na vitambaa chakavu mpaka mafuta yasichafue. Afu Jumamosi mchukue mtoto akishanyonya, TOKA NAE nje ya nyumba saa nzima, maana akiwa ndani mama anasikia kila sauti yake na hawezi kukaa. Na ukirudi usiulize ameshona nini, labda alilala, na hiyo ni sawa.

fundi mpya Tanga: Nimebadilisha maji mara nne imeanza kufifia. Swali lingine, pembe zangu hazikutani, kila makutano yamepishana kidogo.

Jibu: Afadhali, endelea na maji. Pembe ni ile kulaza mishono. Kama mistari yote umelaza upande mmoja, miungo inapandiana na cherehani inasukuma. Ukilaza huu kushoto na huu kulia inakaa kama meno, ishike kwa kidole utasikia imeingia, bana hapo, shona. Na angalia nusu inchi yako isibadilike, bandika kipande cha plasta kwenye bati la cherehani, nusu inchi kutoka kwenye sindano, ufuate ukingo wake. Zilizopishana kidogo usifumue, ukishashona zile tabaka tatu hazionekani sana.