VPN kwenye gemu na filamu: ninavyoitumia bandani kwangu, Mwanga, Kigoma

Haipiti wiki bila kijana kuingia bandani na simu mkononi: "Kaka, niwekee VPN, gemu inaganda." VPN ni programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine kwanza. Namuuliza ping yake ngapi, yaani data inachukua milisekunde ngapi kwenda kwenye seva na kurudi. Hajui. Basi tunaanzia hapo.

Gemu nyingi za mtandaoni zinaonyesha ping pembeni ya skrini. Kwenye laptop ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping -n 50 1.1.1.1 (namba hizo za mwisho ni anwani ya seva ya kupimia), uiache ihesabu. Usiangalie wastani peke yake. Kama majibu yanaruka kutoka 70 mpaka 400, au kati ya majibu hamsini, sita hayakurudi, mara nyingi tatizo liko kwenye mnara au wifi yako, na VPN haitaligusa. Mimi nilihangaika mwezi mzima na jioni zinazoganda, kumbe rauta ilikaa nyuma ya friji ya soda. Nikaihamishia dirishani, upande wa mnara. Sikulipa hata mia.

Umbali nao hauna dawa. Mwanga (si mtaa wetu, ule wa taa) ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kigoma mpaka Dar kwa reli ni kama kilomita 1,250. Hata faiba ingefuata reli bila kukunja kona, kwenda na kurudi ni milisekunde 12 na nusu, na hapo bado hujagusa bahari. Hakuna programu ya kuzifuta hizo.

VPN inafunga data yako kwa siri, inaipeleka kwanza kwenye seva yake, ndipo seva hiyo inaifikisha kwenye gemu. Ni kituo cha ziada njiani. Sasa Counter-Strike 2 na Dota 2 zina seva Johannesburg. Ukichagua VPN ya Uholanzi ili ucheze huko, wewe ni abiria wa Kigoma anayekwenda Urambo lakini kakata tiketi ya Mwanza: Urambo anaiona dirishani, anaipita, anafika Mwanza, ndipo anageuza. Chagua seva ya VPN iliyo mji uleule wa seva ya gemu, au jirani yake kabisa. VPN inasaidia pale tu ambapo mtandao wako wenyewe ndio unaozungusha data. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, data ililazimika kupita njia nyingine. Siku kama zile kujaribu seva mbili tatu kuna maana.

Ndani ya programu, kwenye aina ya muunganisho, weka WireGuard. Ikigoma, OpenVPN ya UDP. Ile ya TCP iache iwe ya mwisho, kwa sababu kipande kimoja cha data kikipotea, vya nyuma yake vyote vinasimama kukisubiri, na wewe huku umeshapigwa risasi.

Kabla hujaenda mbali: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo kuwa watu na kampuni zinazotumia VPN wapeleke taarifa zao, mwisho ukawa tarehe 30 mwezi huohuo. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2020 zina faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Angalia tovuti yao uone utaratibu wa sasa, ndipo uendelee.

Kwenye PlayStation ndipo nilipoumia. PS4 na PS5 hazina sehemu ya kuweka VPN. Nikaona rahisi: nawasha VPN kwenye simu, nawasha hotspot, PS4 inaunganishwa. Nikacheza wiki nzima nikiwaambia wateja "mnaona ilivyo laini sasa?" na wao wakikubali, maana wanaopenda kunibishia siku hizo hawakuwepo. Siku moja nikafungua kivinjari cha PS4, nikaenda kwenye ukurasa unaoonyesha anwani ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako. Ikaja ya laini yangu ya kawaida. Kwa kawaida hotspot ya Android haipitishi VPN kwa vifaa vilivyoungwa. VPN inailinda simu peke yake. Njia inayofanya kazi ni laptop: washa VPN, washa hotspot ya Windows, kisha kwenye mipangilio ya mtandao ruhusu muunganisho wa VPN ushirikishwe na hotspot hiyo. Au nunua rauta inayokubali WireGuard. Halafu pima intaneti kwenye PS4 na usome aina ya NAT, yaani jinsi mtandao wako unavyoruhusu wa nje kuungana nawe: ikiandika 3, kuungana na wenzako kutasumbua, VPN au hapana.

Filamu ni habari nyingine, na hapa bando ndilo linalolia. Ukinunua bando la YouTube au la mitandao ya kijamii kisha ukawasha VPN, kampuni ya simu haioni tena kuwa ni YouTube, kwa hiyo inakata kwenye bando la kawaida au salio. Mdogo wangu aliunguza vocha ya elfu tano hivyo kabla chai haijapoa, akaja kuniuliza mimi nimeifanya nini simu yake. Ingia kwenye mipangilio ya VPN, tafuta sehemu ya kuchagua programu zipi zipite na zipi zisipite, uitoe YouTube.

Netflix ipo Tanzania tangu Januari 2016, huihitaji VPN kuifungua. Ukiwasha VPN, mara nyingi Netflix itakugundua na kukuachia filamu zile tu wanazomiliki haki zake dunia nzima. Kifurushi chao chenye matangazo hakikubali VPN kabisa. Na usibadilishe nchi kwenye Steam ili ununue gemu kwa bei ya kwingine. Masharti yao yanakataza, na akaunti inaweza kufungiwa pamoja na gemu zote ulizolipia.

Ukishaweka kila kitu, cheza mechi tatu bila VPN na tatu ukiwa nayo, saa zilezile za jioni, uandike ping. Tofauti ikiwa chini ya milisekunde kumi, ifute VPN, bando lipumue. Lipia mwezi mmoja, usilipie mwaka. Kwa vijana wote niliowapimia hapa bandani, imebaki kwenye laptop moja tu, ya jamaa wa Gungu anayecheza Dota usiku.